Kanga za Mama na Milima ya Upare

Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, wazee kwa vijana, safari tuliyoifanya kwenda Same na milima ya Upare, na kazi ya mikono tuliyojifunza huko.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mama yetu alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki, siku za msiba zimepita, na sisi watoto wake watatu tulikuwa tumepatana tukutane ili tugawane alichokiacha. Hakikuwa kingi: shamba dogo la kahawa na migomba huko mlimani, nyumba yake, mkeka wake wa kusalia, na sanduku moja la kanga. Watu wengi hudhani kwamba ndugu hugombana kwa ajili ya mashamba. Sisi habari ya shamba tuliimaliza kwa maneno machache katika simu. Sanduku la kanga ndilo lililokaribia kututia katika fitina.

NJIA YA SAME

Tuliondoka Tanga baada ya swala ya alfajiri. Njia hupita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, na tangu Mombo msafiri huwa na milima mkono wake wa kuume. Kwanza huwa ni milima ya Usambara, kisha, akiisha pita Mkomazi, huianza milima ya Upare. Mkono wa kushoto ni bonde la mto Pangani, na ng'ambo yake nyika pana iendayo mpaka Umasaini. Kando ya barabara hukimbia reli ambayo Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911. Na mwaka huo huo wa 1893 ndipo Dakta Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa, iliyofika hai ni 62 tu, na kwa hiyo michache yakatokea mashamba ambayo mpaka leo msafiri huyaona kwa safu zake zilizonyoka, rangi yake si kijani wala si kijivu.

Tukapita Hedaru, tukapita Makanya ambako huchimbwa jasi na vumbi lake jeupe hulala juu ya majani, na kabla ya adhuhuri tukawa Same. Njia hii tumeipita mara nyingi tangu utotoni. Lau mtu angalituuliza siku ile, «Je, mwaijua milima ya Upare?», tungalimjibu bila kusita kwamba twaijua kama viganja vya mikono yetu. Wasomaji wataona mbele jinsi jibu hilo lilivyokuwa si la kweli.

Same ni mji wa tambarare, uko chini ya milima kwa upande wa magharibi. Ni mji wa jua na upepo. Upepo wa bahari uletao mvua hupanda milima kutoka mashariki, ukamwaga maji yake huko juu, na ufikapo Same huwa umekwisha kauka. Ndiyo sababu mtu aweza kusimama sokoni akitokwa na jasho, vumbi limemjaa miguuni, na huku aona wingu zito limekaa juu ya kilele na mvua yanyesha kwa watu wengine. Si mbali na mji ni lango la Zange la kuingilia Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008.

RAI TATU JUU YA SANDUKU MOJA

Dada yetu mkubwa anakaa Same, na sanduku lilikuwa kwake. Kaka yetu alikuwa bado yuko Dar es Salaam, atafika siku ya Jumamosi. Usiku wa kwanza, baada ya isha, dada alitueleza kwamba binti yake, aliyemaliza kidato cha nne na bado hajapata la kufanya, anajifunza kazi ya kutengeneza mazulia kwa matambara. Hukutana akina mama na mabinti wapatao kumi katika ua wa jirani, mjane mmoja mcha Mungu, kila siku baada ya adhuhuri mpaka alasiri. Binti alikuwa ameomba kanga za bibi yake azikate, afanye zulia lenye sura ya milima ya kwao.

Tukikiri ukweli, neno «azikate» lilituchoma moyo. Sisi tulitaka kanga zile zikae kama zilivyo, zimekunjwa, na harufu ya udi imo ndani yake. Kaka yetu, tulipompigia simu, naye alikuwa na rai yake: nguo zote zitolewe sadaka kwa niaba ya marehemu, isibaki hata moja. Dada akasema, «Ninyi nyote wawili mnakaa mbali. Mimi ndiye niliyemwuguza, na mimi ndiye niliyezifua nguo hizi.» Maneno haya yalikuwa ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli yalitukata zaidi. Tukalala bila kuagana vizuri.

Kesho yake tulifuatana na binti mpaka kwa mwalimu wake, tukiwa na nia ya kumwambia kwamba asizipokee kanga zile. Hatukuwahi kusema. Binti alikuwa amechukua moja katika kikapu, na mwalimu alipoijua ni ya nani, aliikunja akamrudishia akasema: «Mwanangu, hiki si kitambaa, hii ni mali ya watu. Waulize wenyewe kwanza, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake.»

Tuliona haya. Sisi sote watatu tulikuwa tukisemezana juu ya nani aliyempenda mama zaidi, na hapana hata mmoja aliyekumbuka hukumu ya sheria. Nguo za maiti ni katika mali yake, kama shamba na kama fedha. Akiisha zikwa kwa gharama zake, madeni yake yakalipwa, na wasia wake ukatekelezwa, kinachosalia ni haki ya warithi. Hapana mmoja awezaye kukikata, wala kukitoa sadaka, wala kukificha sandukuni, ila kwa ridhaa ya wenzake. Kwa kuwa baba yetu na wazazi wa mama walikuwa wamemtangulia, mafungu yetu yalikuwa wazi: kaka nusu, na sisi dada wawili kila mmoja robo. Basi tukakubaliana kumngoja kaka. Na kwa kuwa siku zilikuwa nyingi na mikono mitupu, mwalimu akatuambia, «Kaeni mjifunze kwa matambara mengine.»

KAZI YENYEWE

Vyombo vya kazi hii ni vichache. Kwanza gunia la juti au la katani, kama yale yatiwayo kahawa. Magunia ya nailoni hayafai, maana nyuzi zake huteleza na kupasuka. Gunia hufumuliwa, likafuliwa, likawambwa juu ya kiunzi cha mbao nne mpaka likaze kama ngozi ya ngoma. Pili matambara, yaliyokatwa kuwa tepe ndefu zenye upana wa nusu ya ukucha wa kidole gumba. Tatu ndoano, nayo ni msumari uliosuguliwa na kupindwa ncha, ukatiwa katika mpini wa mti utoshao kiganjani.

Picha huchorwa juu ya gunia kwa mkaa. Mkono wa kushoto hukaa chini ya gunia ukishika utepe. Mkono wa kulia hutia ndoano kutoka juu katika tundu la gunia, huunasa utepe, ukauvuta juu uwe kitanzi kidogo. Kisha huruka nyuzi mbili, hutia tena, huvuta tena. Vitanzi husimama vikibanana, na kwa kubanana huko ndiko hushikana. Hapana fundo wala uzi wa kushonea. Mwisho wa utepe nao huvutwa juu, ukakatwa usawa na wenzake. Kazi ikiisha, kingo za gunia hukunjwa nyuma zikashonwa.

Kusikia ni rahisi. Zulia letu la kwanza, lenye ukubwa wa sahani, lilijikunja kama jani kavu. Tulikuwa tumejaza kila tundu kwa kudhani kwamba wingi ndio uimara. Mwalimu akavuta utepe mmoja, na kazi ya alasiri nzima ikafumuka mara moja. Akatufundisha kwamba gunia nalo lataka nafasi ya kupumua, na kwamba kitanzi kipande juu kwa kadiri ya upana wa utepe wake, kisizidi. Akatufundisha pia kwamba zulia hula nguo nyingi: mahali pakubwa kama kanga moja patakula nguo za ukubwa wa kanga nne. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini binti alikuwa akiliangalia sanduku.

Msomaji asidhani kwamba kazi hii ni ya Same peke yake. Ilienea sana katika karne ya 19 huko kaskazini mwa Marekani na pwani za Kanada, magunia ya juti ya Bara Hindi yalipokuwa mengi na nguo kuukuu hazitupwi. Katika kisiwa cha Newfoundland na nchi ya Labrador, ambako baridi huzifunga bahari na wavuvi hukosa kazi, wanawake walitengeneza mazulia haya wakati wote wa kipupwe. Daktari Mwingereza aitwaye Wilfred Grenfell, aliyefika huko mwaka 1892, akawafungulia njia ya kuyauza. Katika miaka ya 1920 na 1930 walitumia hata soksi za hariri zilizochakaa, zilizokusanywa kutoka miji mikubwa, wakazitia rangi na kuchora kwazo theluji, barafu na mashua zao. Watu wale walikuwa maskini, walakini walichora nchi yao wenyewe, hawakuchora ya wengine, na kwa hiyo kazi yao ikatafutwa.

MILIMA YA KITABUNI NA MILIMA YA KWETU

Ilipofika zamu ya kuchora, sisi tulichukua mkaa tukachora pembetatu tatu, jua likichomoza katikati, na chini yake majani. Tukamwambia binti atuchagulie tepe za buluu kwa milima na za kijani kwa ardhi. Mwalimu akatazama, akacheka kwa upole, akasema: «Hii ni milima ya kitabuni. Ya kwenu iko wapi?» Akatutoa nje ya ua tuitazame.

Wallahi, ilikuwa kama tumeiona siku ile. Ardhi iliyokuwa mbele yetu haikuwa ya kijani hata kidogo. Ilikuwa rangi ya kahawia na ya majivu, yenye miiba na mawe. Ubavu wa mlima ulikuwa mwekundu ulipochimbika, na wa zambarau palipokuwa na kivuli. Kijani kilikuwa juu kabisa, karibu na wingu, mahali ambapo sisi tulikuwa tumepaka buluu. Wala mlima haukuwa pembetatu. Ulikuwa na mgongo mrefu wenye vinundu, kama ngamia aliyelala. Na kivuli hakikukaa mahali pamoja: tulipokuwa tungali twatazama, kilipanda kutoka bondeni kikameza rangi moja baada ya moja. Miaka mingapi tumepita hapa tukiwa na macho! Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kitabu chake tutazame jinsi milima ilivyosimamishwa, nasi tulikuwa tumeipita tu.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, tulipanda gari kwenda kwa mama, upande wa Mbaga, kwa njia ya Mwembe. Binti alichukua daftari ili aandike rangi. Njia hupanda kwa mizunguko, na kila mzunguko hali ya hewa hubadilika: miiba huisha, huja miembe, kisha migomba na kahawa, na baridi huingia katika nguo. Kule juu zaidi, msitu wa Chome umekizunguka kilele cha Shengena, chenye kimo cha mita 2,462, kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare.

Tukaiona ndiva iliyo juu ya shamba la mama. Wapare tangu kale huchimba mabwawa haya. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Na ndiva ikijaa tope, watu wote hutoka kuizoa, kazi ya pamoja iitwayo msaragambo. Binti akaandika katika daftari lake: «Maji ya ndiva si buluu. Ni rangi ya chai yenye maziwa, na ukingoni ni kijani.»

KULIFUNGUA SANDUKU

Jumamosi jioni kaka alifika Same, nasi tulikuwa tumekwisha rudi. Baada ya chakula tukaliweka sanduku katikati ya chumba, tukasoma Fatiha, dada akalifungua. Zilikuwamo doti tisa na vipande vitano visivyo na wenzake. Kaka yetu ni mtu mgumu wa machozi. Alishika kanga ya juu, ile ambayo mama alikuwa akijitanda aendapo kilioni kwa watu, na kwa muda hakusema neno. Kisha akasema: «Mimi nilitaka zote zitolewe kwa sababu nilikuwa siwezi kuziona.» Nasi tukakiri kwamba tulitaka zifungiwe kwa sababu iyo hiyo. Dada akalia. Baada ya hapo hapakuwa na ugomvi tena.

Tukazitenga kwa mafungu. Doti sita zilizokuwa bado nzima tuliridhia sote watatu zitolewe sadaka, wapewe wajane na maskini waliokuwa wakija kwa mama. Zilizochakaa, ambazo maskini angezipokea kwa haya tu, tukaridhia akabidhiwe binti. Moja tukampa dada aiweke, kwa kuwa ndiye aliyemwuguza, na hilo alilisema kaka mwenyewe.

Katika zile za kukatwa, mwalimu alipoziona kesho yake, aliitenga moja. Maandishi yake yalikuwa na jina la Mwenyezi Mungu, naye akasema kwamba jina hilo halikanyagwi. Akaupasua ule mstari wa maandishi kwa mkasi, polepole, akaukunja na kuturudishia tuuhifadhi mahali pa heshima. Ni jambo dogo, lakini katika nyumba zetu ngapi kanga za namna hiyo hufanywa matambara ya kudekia sakafu bila mtu kusoma kilichoandikwa?

Kisha kaka, akiutazama mchoro wa mkaa, akauliza: «Njia iko wapi?» Mama alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa mtoto mdogo, baba yake alishuka kwa miguu mpaka Same pamoja na maelfu ya Wapare kupinga kodi iliyoitwa mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Huo ulikuwa mwaka 1945. Watu wale walikaa Same muda mrefu bila kushika silaha, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameyaandika mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1971. Kaka akasema, «Mlima usio na njia ni wa mgeni. Tieni njia aliyoshukia babu.» Binti akachora njia nyekundu, nyembamba, ikishuka kwa kupinda kutoka kijijini mpaka ukingo wa chini wa gunia.

MTU MLANGONI NA ZULIA LA KUSALIA

Yalitokea mambo mawili ambayo twapenda kuwatajia vijana, maana ni mambo ya dini. La kwanza, binti alitaka kumweka bibi yake mwenyewe katika picha, amesimama mlangoni. Mwalimu akamsimulia habari iliyopokewa kwa Ibn Abbas (r.a.). Alimjia mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kutengeneza sanamu na picha. Ibn Abbas alipomweleza onyo la Mtume (s.a.w.) juu ya jambo hilo, mtu yule alifadhaika sana; ndipo akamwambia kwamba ikiwa hana budi kufanya kazi ile, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Binti alinyamaza akafikiri. Kisha akaifanya nyumba ya bibi yake kwa kanga ya kahawia, na mlango akauacha wazi, kwa utepe wa manjano, kana kwamba ndani mna taa. Sisi tulioijua nyumba ile tulipoutazama mlango ule tuliona kama mama ameingia tu mara moja kuchukua kitu.

La pili, alitaka zulia liwe la kusalia. Hapa mwalimu alitukumbusha mambo mawili katika mwendo wa Mtume. Siku moja Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amevaa nguo yenye mapambo, na alipomaliza aliamuru ipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe iliyo wazi isiyo na mapambo, kwa kuwa ile ilimshughulisha katika swala yake. Na siku nyingine alialikwa chakula na Mulayka, nyanya wa Anas bin Malik (r.a.). Wakati wa kuswali, Anas alichukua mkeka wao uliokuwa umekuwa mweusi kwa kutumiwa siku nyingi, akaunyunyizia maji, na Mtume akaswali juu yake, na nyuma yake Anas na yatima mmoja, na bibi yule nyuma yao.

Basi tukafahamu. Zulia lenye milima, njia na mlango lingeturudisha Mbaga kila tunapotaka kuelekea Makka. Lakini mkeka wa mama wa kusalia, wa ukindu, uliosagika mahali pa magoti na paji la uso, ulikuwa umekaa ukutani bila mtu kuugombea. Hapana aliyeuomba, kwa kuwa haukuwa na uzuri wa kutazamwa. Dada akautandika. Siku ile tuliswali juu yake magharibi kwa zamu, sisi na dada na binti, na kaka alipotoka msikitini naye akaswali sunna zake juu yake.

MWISHO WA HABARI

Hatukukaa mpaka zulia likaisha. Kazi ya ukubwa ule hutaka wiki nyingi kwa mtu anayefanya alasiri peke yake, na sisi tulikuwa na majukumu Tanga. Tulilitimiza pembe moja tu, upande wa chini, penye ardhi ya majivu na miiba. Mwalimu alikuwa ametuambia tusikokote vitanzi kwa mistari iliyonyoka, bali tufuate mteremko wa mlima, ili mkono uende kama mguu uendavyo. Na anga peke yake lilale kwa mistari ya upande. Tulipofuata hivyo, mlima uliinuka kweli katika gunia.

Tuliliona zulia limekamilika Sikukuu ya Mfungo Mosi iliyofuata, tulipokutana tena sote kwa dada. Limetandikwa katika chumba cha kukalia, mbali na mlango wa viatu, na watoto wadogo hulilalia kwa matumbo wakifuata njia nyekundu kwa vidole, wakiuliza yaenda wapi. Hapo ndipo hupata habari za mama yetu, na za babu yetu aliyeshuka Same. Na binti, tangu hapo, hutengeneza mazulia madogo ya mlangoni kwa matambara anayonunua kwa mafundi cherehani, akayauza. Faida si nyingi, lakini katika kila zulia alilouza ametenga kidogo akakitoa sadaka kwa niaba ya bibi yake. Hakuambiwa na mtu.

Tulipoliona hilo tulimkumbuka Mama wa Waumini, Bibi Zaynab binti Jahsh (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata mapema kati yao ni mwenye mkono mrefu zaidi, nao wakawa wakipimana mikono. Zaynab alipofariki mwaka wa 20 wa Hijra, akiwa wa kwanza wao, ndipo walipofahamu kwamba urefu wa mkono ni sadaka, kwa maana yeye alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, kisha akatoa.

Basi enyi vijana, wa kiume na wa kike, hatuwaambii kwamba kila mtu atengeneze mazulia. Twawaambia kwamba kazi ya mikono haina aibu, na kwamba ina ilimu ndani yake isiyopatikana kwa kutazama dirishani mwa basi. Nasi tulio wakubwa, tujihadhari na masanduku. Kitu cha marehemu kisigeuzwe kipimo cha mapenzi kati ya ndugu; kwanza kitiwe katika sheria, kila mwenye haki aulizwe, kisha kifanywe chenye manufaa kwa walio hai na chenye thawabu kwake.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, na wazazi wa Waislamu wote waliotangulia, ayapanue makaburi yao, na atukutanishe nao katika Pepo yake. Amin.